Mchumba wa Mbalamwezi

Devota alipenda kwa kufuata mwezi, na msimcheke, maana mwambaoni Kigoma hayuko peke yake. Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mwezi ukikua ukamulika ziwa zima, dagaa hawaifuati taa tena. Basi mitumbwi inavutwa mchangani, na wavuvi wanaoga, wananyoa ndevu, wanakumbuka kwamba wana wapenzi. Mwezi ukififia wanarudi majini, na mapenzi yanapumzika.

Alikuwa na miaka thelathini na mbili, kazi yake kuanika dagaa pale mwalo wa Kibirizi, mitumbwi inakotua. Na kazi hiyo, jamani, inamfaa mtu wa ndoto. Unatandaza dagaa juu ya chanja, unakaa kuwangoja wakauke, ziwa limetulia tuli, milima ya Kongo ng'ambo mara inaonekana, mara haionekani. Hapo akili ya Devota ilikwenda zake. Ilijenga nyumba, ikatundika mapazia, ikazaa watoto wawili, na dagaa hata upande wa pili hajawageuza.

Onesmo, mvuvi wa kijiji cha Mwamgongo, walijuana naye kwenye simu. Devota alirusha picha ya dagaa wake mtandaoni, huyu bwana akaandika chini yake, "Hao nimewavua mimi." Muongo mkubwa! Lakini Devota alicheka, na kicheko ndicho kilichomponza.

Tangu hapo kila mbalamwezi Onesmo alipanda boti la abiria akaja mjini. Walikula samaki, migebuka ya kukaanga, kisha wakatembea ufukweni mwezi ukichomoza nyuma ya vilima, maji yakiwa meupe hadi mbali kabisa. Devota alimpenda kupita kiasi.

Jioni moja Onesmo akasema, "Mbalamwezi ijayo nije na mjomba, tuongee na mama yako."

Mwanamke mwingine angepiga vigelegele. Devota akakumbuka ya nyuma. Kabla ya Onesmo alikuwepo Gideon, naye mvuvi, naye alikuja na mwezi, naye aliahidi. Kisha kambi yake ikahamia kusini, na Devota akaja kusikia ana mchumba huko. Mwezi ulikuwa uleule, mwalo ndio uliokuwa mwingine.

"Njoo wakati wa giza," alisema.

"Giza? Devota, hizo si ndizo siku za kazi? Nikishuka chomboni, nafasi yangu anaichukua mtu."

"Najua. Lakini mbalamwezi huna pa kwenda. Mimi nataka nijue kama unakuja kwangu hata ukiwa na pa kwenda."

Onesmo alikuna kichwa. Aliaga vizuri, akaenda zake.

"Shoga, umemfukuza mwanaume kwa mdomo wako mwenyewe," Mwanvua, mwanikaji mwenzake, alimwambia. "Nani anaacha chombo gizani?"

Mwezi ukapungua, ukaisha. Ujumbe ambao Devota alimtumia Onesmo ulikaa na tiki moja tu, haujamfikia. Devota alianika, akaota, na zile ndoto sasa zilimchoma. Nyumba ilikuwepo, mapazia yalikuwepo, mwenye nyumba ndiye hakuonekana.

Giza lile dagaa walimiminika. Devota alijaza chanja zake zote, mtaji wake wote ukalala pale juani. Mchana wingu zito likatoka upande wa Kongo. Mwalo mzima ukachachamaa, kila mtu anaanua vyake. Devota alikuwa ameshika turubai la kufunikia, ndipo boti kutoka Mwamgongo lilipotia nanga, akashuka Onesmo, suruali imepigwa pasi, viatu mkononi. Nyuma yake alikuja mzee mwenye koti.

"Huyu ni mjomba, Mzee Telesphory. Ndiye msemaji wangu," alisema Onesmo. "Nahodha anashusha mizigo tu, kisha anageuza kabla upepo haujakolea, na mjomba lazima arudi naye. Mama yupo?"

Moyo wa Devota uliruka. Mdomo wake, loo, ukasema mengine kabisa.

"Sasa hivi? Huoni nina dagaa nje? Njooni siku nyingine!"

Onesmo hakukasirika. Alimtazama, akaweka viatu chini. "Sawa. Mjomba, rudi tu na boti. Mimi nafasi yangu imeshachukuliwa, ngoja nimsaidie kuanua." Akashika ncha ya turubai.

Devota aliona aibu iliyomshuka hadi miguuni. Mtu ameacha msimu wake, yeye anamnyima nusu saa! Alizitazama chanja zake. Akautazama mkono wa Onesmo uliokuwa ukikunjua turubai taratibu. Akampokonya turubai, akalitupa mchangani.

"Mzee, shikamoo. Samahani kwa maneno yangu. Nyumbani ni hapo juu, twendeni."

"Devota, una wazimu?" Mwanvua alipiga kelele, mikono yake imejaa dagaa wake mwenyewe.

Walipanda kilima haraka. Matone makubwa yalianza wakiwa nusu njia, na Devota hakugeuka, ingawa alijua kila tone linaangukia wapi. Mama yake alikuwa mlangoni, macho juu mawinguni.

"We Devota! Dagaa umeshaanua?"

"Wanalowa, mama. Huyu ndiye Onesmo."