Koplo Aliyeliliwa Siku Tisa Akiwa Hai

Saa kumi na mbili asubuhi, foleni ya maji mtaani Makongeni imekwishafika kona. Kijana mrefu anatua mtungi wa lita ishirini karibu na mfereji.

"Marehemu, usituruke," anamkanya Kezia, jirani anayeuza chapati. "Hata kama umefufuka, foleni ni foleni."

"Mama Chapo, mimi nilikuwa nyuma ya huyu."

"Nyuma ya huyu? Wewe ulikuwa kaburini."

Watu wanaangua kicheko. Koplo Javan Shiundu, mwenye umri wa miaka ishirini na tisa, anatabasamu, lakini vidole vyake vimekaza mkono wa mtungi kama vya mtu anayeogopa kuanguka. Hawa wanaomtania ndio waliomlilia.

Javan ni mwanajeshi wa kulinda amani ng'ambo, katika nchi asiyoruhusiwa kuitaja. Amekuja likizo ya wiki tatu. Jumatatu anarudi.

Nyumbani anamimina lita tano kwenye ndoo, anaoga, kisha anafua soksi kwa yaliyobaki. Mitungi mingine mitatu imejaa pomoni, haigusi.

"Kambini lita tano ndizo haki yako ya siku," anasema. "Watu hudhani vita ni risasi. Siku nyingi vita ni maharage, vumbi na kungoja zamu. Jumamosi saa nane mchana unapanda juu ya tangi la maji, maana mtandao unashika huko tu, unampigia mama."

Mama huyo ni Falis, mfumaji wa sweta za shule. Kabla mwanawe hajaondoka, alimfumia mafla ya kijani. Uzi ulipomwishia, akamalizia ukingo kwa maruni.

Alfajiri moja, miezi miwili iliyopita, Mumo, kijana wa mtaa wa Tena aliyelala kitanda cha pili kutoka cha Javan, alikuwa akiondoka kwenda doria huku meno yakigongana. Baridi ya jangwa hung'ata mpaka jua lichomoze. Javan akamfunga mafla ile shingoni.

"Akaniambia, 'Nitakurudishia ikiwa imeoshwa.' Nikamwuliza, 'Kwa maji gani?' Tukacheka. Hatukuongea tena."

Saa tatu gari la akina Mumo lilikanyaga bomu. Simu zote kambini zikakusanywa, kama ilivyo desturi, hadi familia zijulishwe. Lakini picha moja ilikuwa imekwishapenya mtandaoni: mwili chini ya turubai, uso hauonekani, mafla imechomoza. Kesho yake picha ilikuwa kwenye simu za Makongeni.

"Uso ningeukosea," anasema Falis. "Mshono wangu, la. Na ule ukingo wa maruni, nani mwingine angeufuma?"

Alipouliza jeshini, aliambiwa jina la mwanawe halimo kati ya waliokufa. "Nilidhani wananibembeleza tu."

Hema likasimamishwa, kuni zikawashwa. Wazee wa kwao walimsihi asubiri mazishi ndipo anyolewe. Hakusubiri. Alinyoa nywele zote.

Siku ya tisa, Jumamosi saa nane, simu za kambini zikiwa zimerudishwa, simu ya Falis ililia katikati ya wimbo wa matanga. Triza, dada yake Javan, akaipokea.

"Mama amekula?" sauti ikauliza.

Simu ilimponyoka Triza ikatumbukia kwenye sufuria ya chai.

Javan akampigia Kezia. "Nilimwuliza ni nani alivunja dirisha langu mwaka ule," Kezia anasimulia. "Akasema ni Triza. Nikajua ni yeye. Hata kaburini angemsingizia dada yake."

Vigelegele vikapaa hadi barabarani. Kisha Falis akauliza swali lililovizima ghafla.

"Basi niliyemlilia ni mtoto wa nani?"

Tangu aje likizo, Javan amefika mara mbili kwenye lango la Asenath, mama yake Mumo, huko Tena. Mara zote mbili aligeuka nyuma.

"Nimeelekezewa bunduki, sikutikisika," anasema. "Lango la bati limenishinda. Nitamwambia nini? Kwamba bahati ilikuwa ya mama yangu?"

Jana alijikaza akapiga simu. Asenath alimjua kwa jina. Alfajiri ile Mumo alikuwa amepigwa picha kwa simu ya mwenzao ili baadaye amtumie mama yake, yeye na mafla shingoni, na maneno: *Nimeazimwa na Shiundu.*

"Mafla yako ilirudi pamoja na vitu vyake," mama huyo alimwambia. "Nimeiosha. Njoo uichukue."

Wataenda Jumamosi hii saa nane, yeye na Falis. Javan hataki kuichukua mafla. Anataka kumsihi Asenath abaki nayo, na amruhusu kumpigia simu kila Jumamosi kutoka juu ya tangi, akishamaliza kuongea na mama yake.

Falis anafungua kitambaa kichwani. Nywele ni fupi, zimeanza kuchipua mvi.

"Sitajifunika nikiingia kwake," anasema. "Hizi nilimnyolea mwanawe. Azione kabla hazijarefuka."