Mwezi wa Saba

Bangili za kioo zina mlio wake. Za plastiki unaweza kuzitikisa mpaka jioni usisikie kitu, lakini za kioo zinalia kama vijiko vinavyogombana ndani ya glasi. Juzi pale sokoni Mpanda kijana mmoja alikuwa kazitandaza kwenye turubai, za kijani, dazeni kwa dazeni, akachukua fungu moja akalitikisa mbele ya uso wangu. Mimi ni mtu ambaye muuza nyanya akiniona kwa mbali anashusha bei kabla sijafungua mdomo, ili yaishe mapema. Siku hiyo nilisimama pale nikashindwa hata kuuliza. Kijana akadhani ni mbinu.

"Mama, usininunie hivyo," akasema. "Hata hatujaanza."

Ngoja niwaambie mlio ule ulinipeleka wapi.

Nilikuwa darasa la tatu. Tulipanga chumba uani, nyuma ya duka la familia ya Kihindi. Baba alikuwa Sibwesa kwenye mahindi, akija nyumbani kwa nadra kama sikukuu. Mama aliuza mchele aliokuwa akiufuata Mwamkulu, na kupatana bei na mama yangu ilikuwa kazi ya kutwa nzima. Watu walikuwa wakija na stuli zao. Mwenye nyumba wetu alikuwa bibi mmoja tuliyemwita Ba. Kwa Kigujarati maana yake ni mama, lakini sisi tulidhani ndilo jina lake. Mwembamba, mjane, kila siku sari nyeupe. Alizaliwa Tabora, na Kinyamwezi chake kiliwafanya wateja wageuke kuangalia ni nani kaongea. Mwanawe alikuwa ameoa binti aitwaye Bhavna, mcheshi, mwenye kunipa biskuti zilizovunjika na kuniita "dada mkubwa," kwa kuwa mama alikuwa mjamzito na nilikuwa nakaribia kupandishwa cheo.

Bhavna naye alikuwa mjamzito. Wote wawili walikuwa na miezi saba, na kalenda iliyoning'inia dukani nayo ilionyesha mwezi wa saba. Sasa ongezea hapo mwalimu wetu wa sayansi, ambaye wiki hiyohiyo aliingia darasani na boga na ndimu kadhaa, akatuambia kwamba dunia ina mwezi mmoja, Mirihi ina miezi miwili, na Mshtarii ina miezi mingi mpaka wataalamu bado wanahesabu.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, miezi yote hiyo, mbona haijajifungua?"

Darasa lilianguka kwa kicheko. Mwalimu aliweka boga chini, akageukia ubao, mabega yakawa yanacheza. Aliporudi alijitahidi kunielewesha. Miezi hiyo ni ya angani, inaizunguka sayari yake. Sayari inaivuta, nayo inazidi kukimbia, ndiyo maana haianguki. "Mwezi ukisimama tu, Skola," akasema huku ameinua ndimu, "unaanguka." Akaiachia ndimu, ikadunda mpaka chini ya dawati la mbele.

Hayo ya kuanguka niliyashika vizuri. Mengine nilibaki na ya kwangu. Niliamini kwamba mwanamke wa miezi saba ana miezi saba inayomzunguka, ila mchana haionekani.

Siku chache baadaye Ba alikuja uani akiwa na jambo. Kwao, mimba ya kwanza ikifika mwezi wa saba, wanawake wanamkalisha mjamzito na kumjazia mapajani mchele, nazi, matunda, ili mtoto naye aje salama mapajani. Wanaojaza wawe wanawake wenye waume, na watoto wao wote wawe hai. Ba alikuwa amepiga simu mpaka Tabora na Sumbawanga.

"Nimehesabu, nimerudia, naishia sita," akamwambia mama. "Wa saba ni wewe."

"Ba, mie Mkatoliki."

"Nimekuuliza ubatizo? Nauliza watoto. Wote wazima?"

Mama akacheka, akaweka mkono mmoja kichwani kwangu na mwingine tumboni. "Wote, Ba. Huyu na huyu."

"Basi usinibishie. Na mchele ulete wewe, ule mpya."

Mama, ambaye alikuwa akibishana hata na wanaomzawadia, alisema sawa. Alichambua mchele ule punje kwa punje kwenye ungo, kisha akarudia.

Shughuli ilikuwa Jumapili. Ijumaa yake nilirudi kutoka shule nikamkuta mama amelala ubavu, mchana, jambo ambalo kwetu lilikuwa sawa na kuona ng'ombe amepanda baiskeli. Pembeni kulikuwa na chupa ya soda baridi. Soda! Nikauliza kuna mgeni gani. Akasema ni ya mtoto, amelala sana, baridi itamwamsha. Akanywa kidogo, akatulia, mkono tumboni, macho darini, kama mtu anayesikiliza kama mvua imekatika. Kisha akaniambia, "Skola, mwite mwenzako."

Nilifurahi mno. Nikaweka mdomo kwenye kitenge chake, kilikuwa na harufu ya pumba na sabuni ya mche, nikaita kwa nguvu zangu zote: "We! Amka! Mie dada yako!" Nikaita tena. Mama alikuwa akiniangalia kwa namna ambayo niliichukulia kuwa ni kunisifia.

"Bado amelala," akasema. Soda iliyobaki akanipa.

Jumapili baada ya misa tulienda kwa Ba. Sebule ilinukia udi, manjano na iliki. Bhavna alikuwa amekaa kwenye kibao kifupi, sari ya kijani, mikononi bangili za kijani zimepanda mpaka karibu na kiwiko. Aliniambia kwamba zinavaliwa ili mtoto azisikie akiwa kulekule ndani, azoee kelele za duniani. Wanawake wakasimama, wakaanza kumzunguka wakipiga makofi, wanainama, wanainuka, wanageuka, na mama yangu katikati yao na kitenge chake, anakosea hatua na kucheka kama wengine. Nikawahesabu. Nikarudia. Walikuwa saba. Moyo wangu ulijaa, kwa kuwa mwalimu alinicheka na sasa niliiona kwa macho yangu: miezi saba, na sayari yake imekaa katikati inaona haya.

Nilishangaa kitu kimoja tu. Ba, mwenye nyumba na mwenye shughuli, alikuwa amesimama nje ya mlango, kwenye kizingiti. Hakuingia. Hakugusa chochote.

Ukaja wakati wa kujaza. Mmoja mmoja walichota mchele, wakauzungusha mbele ya uso wa Bhavna, wakaumimina kwenye pindo la sari lililotandazwa mapajani. Ilipofika zamu ya mama, alichota mikono miwili. Akasimama. Mchele ukaanza kumponyoka katikati ya vidole, punje zinadondoka kwenye sakafu, naye hasogei. Mimi nikakumbuka ndimu ya mwalimu na nikaogopa. Mwezi ulikuwa umesimama.

"Skola, njoo," akasema. "Kinga mikono."

Akanimiminia mchele wote. "Mwekee wewe. Mkono wako ni mzuri."

Wageni wakatazamana. Bhavna akanitabasamia, akapanua pindo, nami nikamimina nikijiona malkia. Nilipogeuka, mama hakuwa tena kwenye duara. Alikuwa amekwenda mlangoni, kwa Ba. Ba alimwangalia usoni, akamwangalia tumbo, kisha akasogea kidogo kando, ukapatikana upenyo kwenye kizingiti, mama akasimama hapo. Wakawa wawili mlangoni, bega kwa bega, wa sari nyeupe na wa kitenge.

Bhavna alivua bangili mbili akanipa. Njia yote ya kuvuka uwanja, hatua chache tu, nilikuwa nikizitikisa kwenye tumbo la mama ili mdogo wangu azoee kelele. Mama hakunizuia. Alipunguza mwendo.

Jioni ileile Ba alimpeleka hospitali. Mimi nilibaki na Bhavna, nikala wali wa sherehe. Mama alirudi baada ya siku mbili akiwa amebeba kanga iliyokunjwa vizuri, nikaifunua nione mtoto. Ilikuwa kanga tu.

Bhavna alikwenda kujifungulia kwao Tabora, akarudi na mtoto wa kike mwenye nywele kama amefunga kilemba. Mama aliomba kumshika. Akamhesabu vidole, akarudia, akamrudisha kwa mama yake, akasema, "Vimetimia." Tangu siku hiyo nami sihesabu kitu mara moja. Watu wanadhani ni ubahili.

Miaka mingi nilidhani siku ile nilipewa heshima kwa sababu mkono wangu ni mzuri. Nilikuja kumwuliza mama nikiwa na tumbo langu mwenyewe, la miezi saba, tukiwa tunachambua mchele. Nikamwuliza alijua lini.

"Ulipomwita," akasema. "Ulivyopiga kelele vile, hata jirani aliamka."

"Sasa mbona ulienda kucheza?"

Alipepeta ungo kwanza. "Ba alikuwa ameshahesabu saba. Nisingeenda wangeuliza. Nikasema nitazunguka tu, kuzunguka hakudhuru mtu. Ila kumwekea mtoto wa mwenzangu mchele kwa mkono huu..." Akaniangalia. "Wewe ndiye niliyekuwa naye mzima, mama. Nikakutoa wewe."

Nikamwuliza Ba alimwambia nini pale mlangoni, maana nilikuwa nimeona midomo yao imefungwa na sikuamini.

"Hakusema kitu," mama akajibu. "Alisogea akanipa nafasi."