Udongo wa Chini ya Mkanju

"Wewe uliyesoma, hebu tueleze. Mbegu zimetoka bahasha moja. Mbona za mwenzio zimeota na zako zimekufa?"

Mamangu aliniuliza hivyo kwa upole, mbele ya majirani wawili, huku akipepeta mchele barazani kwetu Mjambere. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka chuoni Uganda, nimesoma elimu ya mimea miaka miwili, nangojea barua ya kazi ya ualimu. Jibu alikuwa nalo yeye mwenyewe, na ndilo lililoniuma: mdogo wangu alikuwa na mkono wa baridi.

Kwa wazee wetu, watu wa bara ya pwani, baridi ni uzima na baraka. Moto ni maradhi na ugomvi. Mwenye mkono wa baridi akipanda kitu, kinaota. Kila masika ilipoanza, majirani walimwita mdogo wangu aje aweke mbegu ya kwanza shambani mwao, hata wale wazee wa kanisa walioomba Jumapili Mungu atuepushe na mambo ya kale. Alirudi na muhogo, na ndizi, mara moja na kuku. Mimi hakuna aliyeniita nikapande hata kunde. Waliniita niwasomee barua.

Mbegu hizo alizileta babangu. Alikuwa fundi wa reli Changamwe, na msimamizi wake Mzungu, alipokuwa akifunga mizigo kurudi kwao, alimpa bahasha ya mbegu za maua. Zilikuwa ndogo kama ugoro. Ukipumua vibaya zimepotea. Juu ya bahasha palikuwa na picha: ua la rangi ya waridi ambalo, ukilibana mashavu kwa vidole viwili, linafumbua mdomo kama joka. Nyumbani tuliliita ua la mdomo. Babangu alizigawa mbegu sawa kwa sawa, nusu yangu, nusu ya mdogo wangu. Mwaka ule zamu ya kupamba meza ya kanisa siku ya mavuno ilikuwa ya mamangu, naye akasema maua yatakayopendeza zaidi ndiyo yatakayokaa mezani.

Nilijiambia kwamba nataka kuthibitisha jambo moja tu, kwamba mmea hauujui mkono wa mtu, unaujua udongo. Huo ulikuwa ukweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba mamangu, akionja mchuzi wa mdogo wangu, alinyamaza kidogo kabla ya kumeza. Nilitaka aninyamazie vile mimi.

Basi nikautafuta udongo. Kitabu changu kilisema ua hili linataka udongo mwepesi, usiotuamisha maji, wenye mboji nyingi. Mchanga wa pwani niliukataa kwa ajili ya chumvi. Wa Changamwe, ambao babangu aliniletea kwenye mkebe wa chakula, ulinata mvuani na kupasuka juani. Siku ya tatu, kwenye njia ya kwenda Mwakirunge, nikafika penye tanuri kuukuu walipokuwa wakichomea matumbawe kupata chokaa. Pembeni mwake udongo ulikuwa mweusi, unamumunyika vidoleni kama keki. Nikaunusa. Nikajaza kikapu, nikajitwika.

Wanawake waliokuwa wakiteka maji waliniona napita. Mmoja akasema, "Chuoni wamemfundisha kubeba majivu." Wakacheka mpaka ndoo ikamwagika. Watu waliojua habari za mkono wa baridi wangejua nini habari za udongo?

Mdogo wangu hakutafuta chochote. Alikwenda nyuma ya jiko, chini ya mkanju ambao korosho zake tulikuwa tukizichoma tangu utotoni, akapekua majani makavu, akachota udongo wa chini yake, uliokuwa wa kahawia na mchanga ndani, akautia kwenye madebe yake mawili. Nilimuuliza kwa nini pale.

"Ndipo karibu, dada," akasema.

Zangu ziliota kwanza. Nawaambia hilo kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kulisema. Siku ya tisa madebe yangu yalikuwa na vitone vya kijani, yake yalikuwa matupu. Nikamwita mamangu. Akaja, akainama, akasema, "Vizuri," kisha akageuka kumtazama mdogo wangu kwa huruma. Hata nilipokuwa mbele, aliyetazamwa ni yeye.

Wiki ya nne majani yangu yakaanza kugeuka manjano, ila mishipa yake ilibaki kijani. Nikaongeza maji. Yakazidi. Nikarudi tanurini, nikaleta udongo mwingine uleule mweusi, nikapalilia kwa moyo wote. Yakazidi zaidi. Asubuhi moja nikapindua madebe yote nyuma ya migomba, nikavuka kwenda Likoni kwa shangazi yangu, nikakaa huko wiki tatu. Nilisema nakwenda kumsaidia kushona. Shangazi hakuwa na cherehani.

Niliporudi, madebe ya mdogo wangu yalikuwa yamejaa miche, iliyonyooka, mizito, ya kijani kibichi. Zilichelewa tu, akasema, akiosha sufuria, bila kuinua uso. Ndiyo siku mamangu aliponiuliza swali lile barazani.

Nilimchunguza mdogo wangu kwa miezi miwili kama mwizi. Nilitazama anamwagilia saa ngapi, maji ya nini, anasema nini anapoyamwaga. Hakusema kitu. Mara nyingine alikuwa akiimba, nikachukia hata wimbo. Usomi wangu wote ulikuwa umebaki kuwa kazi ya kuhesabu matumba ya mtu mwingine.

Siku ya mavuno maua yalikaa mezani katikati ya mahindi na mananasi, ya waridi, meupe na manjano, na watoto wakapanga foleni kuyabana mashavu. Sisi wa familia tulikuwa tumetangulia kupanga meza, na nilipoachwa peke yangu kidogo nililisogeza boga kubwa mbele ya chombo cha maua likayafunika. Mamangu alirudi, akaliona, akalirudisha boga mahali pake kwa mikono miwili. Alininyamazia hatimaye, lakini si kwa namna niliyoitaka.

Habari ya udongo niliijua mapema, nilipokuwa nafundisha. Afisa wa kilimo alitutembelea na karatasi zake za kupima, nikampa udongo wa tanuri na wa mkanju. Ule mweusi mzuri ulikuwa umejaa chokaa na majivu, na chokaa huifungia miche chuma cha udongoni isiweze kukila. Ndiyo sababu ya majani ya manjano. Mkanju hupenda udongo mchachu kidogo, na ua lile nalo hivyo hivyo. Nilifurahi sana. Nilimwandikia mamangu barua ya kurasa tatu. Alijibu kwamba mdogo wangu amejifungua salama.

Jambo la pili nililijua baada ya miaka mingi, mamangu akiwa amekwisha kuzikwa. Tulikuwa tunamenya kunde, mimi na mdogo wangu, naye akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza anacheka nini.

"Lile boga lako," akasema. "Bure uliyafunika, dada. Yalikuwa yako."

Mbegu zake zote zilibebwa na sisimizi siku ya tatu, akaona haya kusema, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa ukiusubiri mkono wake. Nilipokwenda Likoni, aliiokota miche yangu nyuma ya migomba, mmoja mmoja, akaipanda katika udongo wa mkanju.