Uso wa Odilia Kwenye Jina Langu

Nilitoka kijijini Milepa kwenda Sumbawanga mjini kwa sababu kompyuta ya serikali ilisema nimekufa.

Aliyekufa ni mke wangu, Odilia, wakati wa kupalilia mpunga. Baada ya kuanua matanga nilimwambia mtendaji wa kijiji kwamba mke wangu hayupo tena. Ndivyo nilivyosema, hayupo, sikuweza kusema zaidi. Akapeleka taarifa mjini. Msimu uliofuata alikuja na mashine ya kuhakiki wenye mashamba. Nilipoweka kidole ulitokea uso wangu, na jina la Odilia juu yake, na chini neno amefariki. Kwenye jina langu, mtendaji akaniambia bila kunionyesha, alikuwepo yeye, hai.

Chanzo nilikijua palepale. Siku tulipoandikishwa, Odilia aliitwa wa kwanza, maana shamba lilitoka kwa baba yake. Lakini kwa malezi aliyolelewa hakuweza kukaa kitini mbele ya watu huku mume wake amesimama. Akanisukuma kidogo begani, nikakaa mimi. Waandikishaji walikuwa wageni na walikuwa na haraka. Wakanipiga picha na kuchukua alama za vidole kwenye nafasi yake, kisha yeye kwenye nafasi yangu.

Mtendaji alinieleza kwamba zamani kosa hilo lingekaa miaka, kwa kuwa programu ilikuwa mali ya kampuni ya nje, na hakuna mtu wetu aliyeruhusiwa kuigusa ndani. Sasa serikali inahamia programu huria, ambayo namna ilivyotengenezwa iko wazi kwa kila mtu, na mafundi wetu wenyewe wanaweza kuirekebisha. Ila niwahi kabla hawajamaliza kuhamisha taarifa. Niliogopa. Shamba lile ndilo linalowalisha wanangu wawili, na kaka zake Odilia walikwisha kuanza kuulizana, nikiwa hapohapo, shamba la dada yao sasa ni la nani.

Alfajiri nilipanda Fuso iliyobeba mpunga. Tulikaa juu ya magunia, mimi na mama mmoja mfanyabiashara wa samaki wakavu. Aliniuliza ninakokwenda, nikamwambia ukweli. Akauliza, kama kila mtu anaona programu ilivyotengenezwa, nini kitamzuia mtu kuingia na kuandika jina lake kwenye shamba langu? Swali lile nilipanda nalo mlima mzima.

Kwenye ukuta wa milima ya Lyamba lya Mfipa gari lilianza kulia. Katika kona moja lilisimama, likarudi nyuma kidogo, utingo akaruka na kuweka gogo kwenye tairi. Chini niliona bonde lote la Rukwa, jeupe kwa ukungu. Nikawaza kwamba nikifa hapa, mjini hawatakuwa na la kuandika, maana nimekwisha kuandikwa. Nilishika kamba ya turubai mpaka viganja vikaniuma.

Juu, baridi ya Ufipa ilitupokea. Nyasi zililala kwa upepo, na mashamba ya mahindi yalikuwa yamevunwa. Mchana nilishuka na kutembea hadi mtaa wa Kasense, kwa dada yangu Felista, niliyemweleza yote kwa simu. Mume wake alikuwa uani anachonga mpini wa jembe. Aliponiona hakuinuka.

"Karibu, marehemu," akasema. "Huko ulikotoka wanakula nini?"

"Wanakula mashemeji wavivu," nikamjibu.

Dada alimkaripia, lakini nami nilicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Jioni, tukiwa jikoni tunaota moto, Felista aliniuliza kwa upole kama nina picha yoyote ya wifi yake. Nikamwambia zilikuwa kwenye simu ya Odilia, na simu iliharibika. Akaniangalia.

"Kwa hiyo kesho utamwona."

Hilo ndilo lililokuwa linanitisha kuliko mlima.

Asubuhi niliingia ofisi ya ardhi nikiwa nimevaa koti la shemeji. Ofisa alikuwa binti mwenye sweta. Alinisalimia shikamoo, akasoma barua ya mtendaji, akalinganisha na kitambulisho changu. Nilingoja aite askari, aseme huyu ametumia jina la mke wake aibe shamba. Hakusema hivyo. Alisema si mimi wa kwanza. Wamekuta ndoa nyingi zilizokaa kitini kwa namna ile, na mafundi wameongeza sehemu ya kubadilishana nyuso bila kuomba ruhusa ya mtu wa mbali.

Nikamuuliza swali la yule mama wa samaki.

"Hapana, baba. Watu wanaona jinsi kufuli lilivyochongwa. Ufunguo hawapewi."

Kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta.

Odilia alikuwa amejifunga kitambaa cha kijani. Hakuitazama kamera. Alitazama pembeni, mahali nilipokuwa nimesimama, akijizuia kucheka, kwa kuwa nilikuwa nimesahau kofia yangu kwenye kiti naye ameikalia. Chini yake paliandikwa hai.

"Nikibadilisha, lile neno amefariki litahamia kwa mama," binti alisema taratibu. "Lazima nipate kauli yako. Mwenye picha hii yuko wapi?"

Niliangalia lile neno, hai. Dunia nzima hapakuwa na mahali pengine lilipobaki karibu na uso wake.

"Ukiacha hivi hivi?"

"Atakuwa hai, baba. Na shamba litakuwa la mtu asiyeweza kulilima."

Aliningojea, wala hakunihimiza. Nje watu walikuwa wanazungumza Kifipa kuhusu bei ya maharage.

"Amefariki," nikasema. "Mke wangu Odilia amefariki."

Akabonyeza. Akanitaka niweke kidole, na safari hii likaja jina langu. Odilia akaenda kwenye jina lake, na neno lake chini, bado anajizuia kucheka. Niliomba nakala ya picha. Akaniambia taarifa zangu ni zangu, akaichapa.

Kesho yake niliteremka bondeni. Nimejifunza kwamba mitambo ya serikali inaweza kurekebishwa na watu wetu, mtu akienda kusema ukweli wake. Hilo niliwaambia jirani zangu, na kaka zake Odilia pia.

Jioni binti yangu mdogo alichukua ile picha, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango.

"Baba, mama anamcheka nani?"

"Ananicheka mimi."

"Amerudi lini?"

Zamani ningemwambia hayupo, ningoje aache kuuliza. Nilimkalisha kwenye kiti, mimi nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia kwamba mama amefariki.