Ndevu za Dawa

Dawa yangu ni ya maji, na lazima chupa itikiswe kabla sijainywa. Kongosho langu humwaga insulini hata nisipokula. Sukari inashuka hadi nasahau ninakokwenda. Dawa hulizuia kongosho lisimwage ovyo. Daktari wa jijini Saint Paul alinieleza hayo, nami nikamuuliza maswali hadi akavuta kiti akaketi. Shule niliiacha mapema, hamu ya kujua ikabaki.

Lakini mimi sikai mahali pamoja, na dawa hii haipendi safari. Haikai kwenye rafu, duka la dawa huiagiza kwanza. Halafu ikaanza kuniotesha nywele: mikononi, kwenye paji la uso, mwisho ndevu, mimi mwanamke. Nikajifunga mtandio shingoni. Mwezi uliopita nikaacha kuinywa, nikafungasha begi.

Jumamosi nilikwenda Roseville kununua viatu vya safari. Nilikuwa na Anti, Mkenya aliyenipangisha chumba kule Coon Rapids. Ghafla nikajikuta nimeshika kiatu kimoja, jasho linanitiririka, sijui kiatu ni cha kazi gani. Anti alinikalisha, akaninywesha juisi.

Tulipofika kwenye gari akauliza, "Dawa iko wapi?"

"Inaniotesha ndevu, Anti."

"Ndevu tu? Na vile nilidhani huo mtandio unaficha alama za busu za mwanaume!"

Anti hufanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kila asubuhi huwanyoa. Tulipofika nyumbani akampigia nesi wa kliniki, tukaambiwa nianze tena dozi yangu jioni hiyo. Kisha akaniketisha jikoni, akanifunika uso kwa taulo la moto, akanipaka povu.

"Furisha shavu. Na hiyo miguu itulie! Hata mzee wangu wa miaka tisini hachezi hivi."

"Bado nitaondoka, Anti."

"Enda. Huko utanyolewa na nani?"

Wembe ulikuwa umemaliza shavu la kushoto. Nikamwomba anifundishe. Akanipa wembe, akashika kioo.

"Vuta ngozi. Fuata nywele zinakoelekea. Pole pole, si mashindano."

Nilijikata kidogo chini ya sikio. Anti akacheka, akabandika kipande cha karatasi ya chooni.

Begi bado liko nyuma ya mlango. Jumatatu nitamuuliza daktari duka gani la mji mwingine linaweza kuniagizia dawa. Jioni ile, shavu likiniwasha, niliitikisa chupa.