Karata za Mnadani na Macho ya Mchambua Tumbaku

Jumatatu nilikuwa mahakamani hapa Tabora nikingoja shauri langu la mpaka wa shamba, akaletwa mchambua tumbaku kutoka Urambo. Alishtakiwa kudanganya kwenye meza ya karata ya mnadani, inayochezeshwa kwa kibali cha serikali. Alikuwa ameshinda baiskeli kwa kutaja karata zilizofunikwa.

Mwenye meza alikiri mwenyewe kwamba karata ni zake, alizichanganya yeye, na mshtakiwa hakuzigusa.

"Sasa alidanganyaje?" hakimu akauliza.

"Alizijua kwa migongo, bwana hakimu."

Mshtakiwa akanyoosha kidole cheusi kwa utomvu wa tumbaku. "Shikamoo, mzee. Karata zake zimechakaa. Moja ina doa la chai, nyingine imekwaruzwa pembeni. Kazi yangu kutwa ni kutenga majani kwa madoa yake. Nilitakiwa nifumbe macho?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Aliamuru baiskeli irudishwe, na mshtakiwa alipe faini kwa "kujua kuliko inavyompasa mchezaji." Ndivyo alivyosema, sikuongeza neno. Msimu mzima wakulima wameliwa kwenye meza ile na hakuna aliyeshtakiwa. Mmoja katumia macho yake, kawa mhalifu.

Mwenye meza alirudishiwa karata zake. Akazipitia harakaharaka, zote zimelala kifudifudi, kisha akamwambia karani, "Saba ya kopa imebaki kwako."

Karani akainua faili, akaikuta. Nilimgeukia hakimu, lakini alikuwa ameshaanza kuita jina langu.