Pindo la Joho Refu

Duka lake la ushonaji lilikuwa na vyerehani viwili, pasi nzito, na meza ndefu iliyolainika kwa kuegemewa. Wateja walimwita Bi Sawasawa, maana hakuna nguo iliyotoka mikononi mwake kabla hajaigeuza ndani nje, akakunja uso na kusema, "Hapa hapajakaa sawasawa." Na kosa lisipokuwepo, alilitafuta mpaka likapatikana.

Siku hizo shingo ilimkaza kama ubao, na usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Daktari alimpima asione kitu, akamuuliza kama kazini kuna mtu anayemsumbua.

"Wa kunisumbua atoke wapi? Duka ni langu," alijibu, tena kwa kujigamba kidogo. Daktari wa watu akampa dawa ya kuchua na kumwambia apunguze mawazo, kana kwamba mawazo ni chumvi.

Aliyesumbuliwa waziwazi alikuwa mdogo wake, aliyeshona kwenye cherehani cha pili. Huyo alikuwa fundi kamili, si mwanafunzi. Lakini akigeuza mgongo tu, dada mtu huichukua kazi yake, akaifumua na kuishona upya. Asubuhi moja yakamfika shingoni.

"Dada, fundi wa ng'ambo ya barabara ananitaka kazini kwake," alisema huku akipitisha uzi kwenye sindano. "Nakupenda, lakini ukifumua tena mshono wangu, hata mmoja, naondoka."

"Sifumui tena, mdogo wangu. Nakuapia."

"Haya." Hata hivyo akautoa mkasi wake msumarini, ulikotundikwa siku zote, akautia mkobani. Fundi akihama huhama na mkasi wake, na Bi Sawasawa hakuhitaji kufafanuliwa. Bila mdogo wake, nani angemchekesha kutwa nzima?

Kazi ya siku hiyo ilikuwa majoho ya kwaya. Walikuwa wamegawana: yeye alishona marefu, mdogo wake mafupi. Sasa yote yalikuwa yamepigwa pasi na kurundikwa pamoja mezani, kiongozi wa kwaya akisubiriwa. Mdogo mtu akatoka kwenda kununua vifungo.

Hapo ndipo mikono ilipoanza kumwasha. Alijifanya anafagia vipande vya kitambaa. Akatia mafuta cherehani kisichohitaji mafuta. Lakini mawazo yalikuwa yamemrudisha kwa shangazi yake, alikojifunzia kazi akiwa binti mdogo, siku ile mteja aliporudisha gauni alilolishona binti huyo, na shangazi akamtupia usoni mbele za watu. Watu wakacheka. Tangu hapo, kila nguo ikitoka dukani, yeye aliiona ikirudi na watu wakicheka. Hakumwambia mtu. Alidai anapenda kazi safi tu, na mwenyewe akaamini.

"Naangalia moja tu," alijiambia. Akavuta joho la juu, akageuza pindo. Si hilo! Limekwenda upogo, na aliliona kwa macho yake mawili. Akachukua wembe. Nyuzi zikaanza kukatika, na shingo ikalegea, ungesema kavua kiatu kinachobana. Alikuwa anamalizia pindo lote mdogo wake alipoingia.

Hakupaza sauti. Aliviweka vifungo mezani, akautazama wembe, halafu akalishika joho mabegani na kulinyanyua. Likashuka mpaka sakafuni.

"Dada, hili refu."

"Pindo lilikuwa limepinda, ndiyo maana..."

"Marefu umeshona wewe."

Bi Sawasawa akalitazama. Matundu ya sindano yalikuwa bado yanaonekana kwenye kitambaa, yamefuatana kwa mstari ulionyooka kabisa.

"Ulidhani langu," mdogo wake akasema.

"Ndiyo."

Alishikwa na haya, halafu hofu, halafu kwa mara ya kwanza akamwonea huruma yule binti aliyetupiwa gauni. Machozi yakamtoka. Akamsimulia mdogo wake kisa chote, kwa maneno machache na kamasi nyingi.

"Kumbe!" mdogo wake akasema, akivuta kiti. "Mimi miaka yote nadhani hunihesabu kuwa fundi."

"Wewe fundi. Lishone wewe."

Mdogo wake akalishona. Bi Sawasawa ilimbidi aikalie mikono yake, na hakuna kazi iliyowahi kumchosha kama hiyo.

Kiongozi wa kwaya alipofika, akauliza kama kawaida yake, "Umeyakagua yote, Bi Sawasawa?"

Ulimi ulikuwa tayari kusema subiri kidogo. "Mdogo wangu kamaliza," akasema. "Chukua, mama."

Mama akaondoka na mzigo wake. Bi Sawasawa akashikilia mlango kwa mikono miwili asije akamkimbilia. Shingo ilikuwa inauma bado. Nyuma yake akasikia mkoba ukifunguliwa, kisha mkasi ukigonga ukuta na kutulia msumarini.